Senene Gizani

Mimi si mtu wa wivu. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanipakazia. Lakini mwanaume akitoa mfukoni senene, wale panzi wetu wa kukaanga, zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akaniambia "kula, Koku," na senene hizo sikuzichambua mimi, basi hapo tusidanganyane. Za sokoni unafungiwa kwenye gazeti au kamfuko. Za jani zina mwenyewe. Kwetu Uhayani mwanamke hukaa chini, akachambua bawa moja moja na mguu mmoja mmoja, akakaanga taratibu, akafunga, akampelekea mwanaume wake.

"Umepewa na nani?" nikamuuliza.

"Kula kwanza."

"Sayi, nimekuuliza. Umepewa na nani?"

"Mtu tu," akasema, akarudisha macho mbele kama vile hajasema kitu.

Mtu tu! Nilisikia masikio yakipata moto.

Hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tatu Desemba, saa tisa na nusu alasiri, ndani ya ukumbi wa sinema wa marehemu Mzee Thakorbhai mjini Bukoba. Ukumbi ule ulifungwa hata shule sijaanza, mimi nimekua nikiujua kama ghala la kahawa. Sasa mjukuu wake, Chetan, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Akatoa magunia, akapaka chokaa, akatundika tangazo: wiki nzima ya Krismasi, sinema kama zamani, na hafutaimu kama zamani. Bibi yake, Bibi Shanta, akarudi kwenye dirisha lake la tiketi na miwani yake mikubwa. Na mji ulivyojaa wale wa kwetu waliopanda na magari yao kuja kula Krismasi, viti vilijaa mpaka nyuma. Mle ndani palinuka chokaa mpya na kahawa ya zamani.

Filamu yenyewe ilikuwa mpya, lakini imetengenezwa kwa mtindo wa zile za kale za upelelezi: nyeusi na nyeupe, mvua haikatiki, wanaume wana makoti marefu, kila mtu anavuta sigara na kuangalia nyuma. Walikuwa wanasema Kihindi, chini maandishi ya Kiingereza yanapita mbio. Hakuna aliyehangaika nayo. Mwanamke anayepekua sanduku la mumewe anaeleweka kwa lugha yoyote.

Maana ndicho alichokuwa akifanya. Mumewe ametoka safarini, yuko bafuni anaimba, mke kapiga magoti mbele ya sanduku. Kaingiza mkono. Katoa kitambaa cha kichwa cha mwanamke.

"Umeona!" mama mmoja nyuma yetu akapiga kelele. "Si nilisema mimi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Sayi naye akacheka. Mimi nikapapasa kile kifurushi pale gizani. Hakikufungwa kwa ukamba wa mgomba kama kawaida. Kilifungwa kwa utepe wa nguo. Nikauvuta vidoleni, na mimi ni fundi cherehani, nguo naijua hata nikiwa nimefumba macho. Kitenge. Nguo ya mwanamke.

Mawe! Mama wee! Mwanamke amechana nguo yake kumfungia huyu senene.

Nikakiweka kifurushi mapajani, sikula hata moja.

Ngoja nieleze kwa nini siku ile ilikuwa nzito kuliko Jumanne nyingine. Sayi ni Msukuma, mfanyabiashara wa dagaa, anaishi kisiwani Bumbire kule Muleba. Tulijuana miaka miwili nyuma, alipoingia kwenye kibanda changu cha Hamugembe, hapahapa Bukoba, na nyavu za kuanikia dagaa, anataka zishonwe pindo. Mafundi wanne walikuwa wamemfukuza kwa sababu ya harufu. Mimi nikazishona. Aliporudi kuzichukua aliniletea limau la kunawia mikono, akalikata mwenyewe, akanikamulia. Nikampenda palepale, nisiwe muongo.

Shida ilikuwa mama. Mama yuko kwetu Kamachumu, mjane, na baba alipofariki neno la nyumba ile likabaki kwake. Nilipomtajia Sayi alikunja uso siku tatu. "Mtu wa visiwani ana mke kila mwalo, kila anapofikisha mtumbwi," alisema. "Wewe utakuwa wa mwalo wa ngapi?" Mwezi uliopita alipolirudia, nikamwambia aende akaulize mwenyewe kama haamini. Lilikuwa neno baya, kwa sababu mama hasogelei maji. Ziwa lilimchukua kaka yake, mama akiwa bado msichana, na tangu hapo hata ufukweni hakanyagi. Tukakosana. Karibu mwezi mzima tulikuwa hatuongei, ila mara moja alinitumia ujumbe kunisema kwa gauni nililomshonea Pasaka, eti kazi ya hovyo, mtu gani anapinda kitenge cheusi kwa rangi nyingine.

Sasa tarehe ishirini na sita ukoo wote ungekusanyika Kamachumu, na baba mdogo Byabato alishaniambia: "Kama una mtu, mlete siku hiyo. Kama huna, usitusumbue tena mwakani." Kwa hiyo nilimwambia Sayi avuke, tuangalie sinema, tukitoka nimpe jibu kama tunakwenda wote au kila mtu ashike njia yake. Neno la mama lilikuwa limeniingia. Miaka miwili nimekuwa nikiligeuzageuza usiku kitandani. Mwalo wa ngapi?

Na lile la Jumamosi ndilo lilinimaliza. Nilimpigia mara tatu hapokei. Mara ya nne simu ikapokelewa, nikasikia upepo mkali, halafu sauti ya mwanamke, kavu, imechoka, inasema kwa Kihaya, "Leka!" Acha! Simu ikakatika. Sayi Kihaya chake kinaishia kwenye "waitu" ya salamu. Nani kule kisiwani anamwambia acha, na aache nini?

Taa zikawashwa. Hafutaimu.

Tukatoka barazani. Watu wananunua soda na karanga, watoto wanakimbizana. Nikamvuta Sayi mpaka kwenye nguzo ya mwisho.

"Sasa useme."

"Koku, filamu nzuri, tusiiharibu."

"Jumamosi nani alipokea simu yako?"

Niliuona uso wake ukibadilika, na Sayi si mtu wa kuficha uso, ana uso kama sahani nyeupe.

"Nani, Sayi?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi mwanamke."

"Ndiyo," akasema.

Jamani! Angalau angedanganya. Nilicheka kile kicheko cha kukosa la kufanya.

"Haya. Huyo mwanamke uliyemwahidi ndiye aliyekufungia hizi?"

"Ndiye."

"Na amelala kwako?"

"Amelala Bumbire usiku mmoja. Kwa mama mchungaji. Koku, nakuomba kitu kimoja tu. Kula. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nimevunja neno langu."

"Nile chakula cha mwanamke mwenzangu mimi? Unaniona mwendawazimu? Wewe unajua maana ya senene za jani, au unadhani ni karanga?"

"Naijua. Niliambiwa."

"Uliambiwa na yeye!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Mama yangu alisema. Alisema tangu siku ya kwanza, mimi nikamgombeza kwa ajili yako!"

Alinitazama. Nimeshatazamwa na Sayi kwa namna nyingi, kuna ile ya kunisubiri nimalize kushona, kuna ile ya mwaloni akiwa anaondoka na mtumbwi unazidi kuwa mdogo na yeye hageuzi shingo. Hii sikuwa naijua. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Miaka miwili, Koku," akasema polepole. "Kila nikikanyaga Bukoba unanusa shati langu. Unashika simu yangu kabla hujanishika mkono. Nanyamaza, nasema atazoea. Lakini hakuna mtu anayezoea kupekuliwa. Boti ya Bumbire iko kesho asubuhi. Kama huwezi kupokea kitu mkononi mwangu bila kukinusa, nitapanda hiyo, nile Krismasi na dagaa wangu."

"Panda," nikasema.

Mdomo wangu ndio ulisema. Moyo ulikuwa unasema kitu kingine kabisa, lakini mdomo ni mwepesi, sijui nilirithi kwa nani.

Kengele ikalia, tukarudi ndani. Tumeshaachana, na bado tukarudi. Labda kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aondoke kwanza. Tukakaa palepale, viti vilevile, na kati yetu ungeweza kuegesha bodaboda.

Kwenye skrini yule mke alikuwa anamfuata mumewe kwenye mvua. Mume anageuka, mke anajibanza ukutani. Mume anaingia kwenye nyumba ya ghorofa, juu taa inawaka, kivuli cha mwanamke kinapita dirishani. Ukumbi ulikuwa kimya, hata wale watoto. Mke anapanda ngazi. Mimi nilikuwa napanda naye. Nilijua kinachomsubiri kule juu, nilikijua kabisa, kina kitambaa cha kichwa na kina sauti kavu, na kinamwambia mume wangu "leka".

Nikasimama. Kile kifurushi nilichokisahau mapajani kikaanguka sakafuni. Muongo mimi, hakikuanguka. Nilikitupa. Nilikitupa kwa nguvu mbele ya miguu ya Sayi, jani likapasuka, nikasikia senene zikimwagika chini ya viti.

"Mpelekee mwenyewe," nikamwambia.

Sayi aliinama, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Pale juu mke akashika kitasa cha mlango, na umeme ukakatika.

Kelele zilizopigwa mle ndani zilisikika mpaka sokoni. "Nani yumo? Nani yumo ndani?" Chetan akakimbia huku na huku akiomba radhi, akafungua ile milango mikubwa ya mbao ya ubavuni hewa iingie, na jua la saa kumi na moja likaingia lote kwa pamoja. Nikafumba macho. Nilipofumbua nilikuwa naangalia sakafu, karibu na kiatu changu, ule utepe.

Nikauokota niutupe mbali. Ndipo nikauona.

Ulikuwa kipande cha pindo la kitenge cheusi chenye maua. Uzi wa kijani. Mshono wa zigizaga, unaoruka kidogo kila baada ya vidole vitatu, kwa sababu cherehani yangu meno yake yamelika upande mmoja na mimi kila siku nasema nitabadilisha. Hakuna cherehani nyingine Bukoba nzima inayoruka vile. Na uzi wa kijani nilitumia mara moja tu, Pasaka, mweusi uliponiishia usiku na gauni linatakiwa asubuhi kanisani.

Nikakaa.

"Sayi," nikasema. "Hili ni gauni la mama."

Akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijakuambia mimi," akasema. "Umeona mwenyewe. Neno langu liko palepale."

"Alikuja Bumbire? Mama? Kwa maji?"

"Kwa boti ya Ijumaa. Alitapika toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Hakumwambia mtu yeyote. Alishuka amefumba macho, gauni likanasa kwenye msumari wa boti, likachanika. Mimi nilikuwa naanika. Naona mama mtu mzima anapita kwenye vichanja vya dagaa, anawauliza wanawake mmoja mmoja, 'Mke wa Sayi ni nani? Nionyesheni mke wa Sayi.'"

"Mawe!"

"Wakamcheka. Wakamwambia huyo hana hata paka. Hakuamini. Akaja chumbani kwangu bila hodi, akafungua kabati, akaangalia chini ya kitanda. Akahesabu vikombe."

"Vikombe?"

"Ninacho kimoja. Akakishika muda mrefu, akaniuliza, 'Mgeni akija anakunywea nini?' Nikamwambia mgeni wangu yuko Hamugembe na hajaja bado. Hapo akaanza kulia. Jumamosi, wakati unapiga, nilitaka kupokea, akanikataza. Akashika simu ili aizime, akaibonyeza vibaya. Ndiyo ile 'leka'."

Watu walikuwa wanatoka nje kupunga hewa, wanabishana mume ana hatia au hana. Mimi nilikuwa na kipande cha gauni mkononi, sijui nikiweke wapi. Mama yangu aliyekimbia hata dimbwi alivuka ziwa kwa ajili ya neno nililomtupia kwa hasira.

"Senene alikuwa nazo tangu nyumbani," Sayi akaendelea. "Alisema angenikuta na mwanamke angezirudisha Kamachumu azile mwenyewe. Ukamba uliloa ukakatika, akafunga kwa hicho. Akaniambia, 'Wewe nimeshakupima. Sasa mpime mwanangu. Mpe mkononi mwako, usimwambie ni za nani. Akila bila kukuhoji, mje wote tarehe ishirini na sita na mniletee jani tupu. Akikuhoji, nyamaza uone. Kama hawezi kula kwenye mkono wako, usimuoe, mtateseka wote wawili.'"

Kumbe mtihani ulikuwa wangu.

Nimewahi kuaibika, ila siyo vile. Nikaangalia lile jani lililopasuka, na senene zilizotawanyika kwenye vumbi la kahawa, nyingine zimekanyagwa. Nikaangalia viatu vya Sayi, vile alivyovinunua mahsusi kwa ajili ya Kamachumu na bado vilikuwa vinambana. Kesho boti.

"Tutamwambia nimekula," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mimi simdanganyi mama yako, Koku. Amevuka maji kuujua ukweli wangu."

Hakusema kwa ukali. Alisimama, akashika koti lake.

Na pale mwanzo wa mstari wetu wa viti Bibi Shanta alikuwa ameshafika na ufagio, anasukuma maganda ya karanga, anakuja.

"Bibi, usifagie!" nikapiga kelele. "Usifagie hapa, tafadhali!"

Nikapiga magoti. Mbele za watu wale wote, na gauni langu la sikukuu, nikaanza kuokota. Moja moja, chini ya viti, nazipuliza, naziweka kwenye kiganja. Bibi Shanta, aliyezaliwa hapahapa Bukoba na anayejua Kihaya kunishinda, aliinama akaangalia jani, akaniangalia mimi, akamwangalia Sayi na koti lake.

"Senene za ukweni hizi," akasema. "Nani kamwaga?"

"Mimi."

"Basi okota vizuri, na ile pale pembeni umeiacha. Chetan! Usiwashe jenereta kwanza, huyu mtoto anahitaji mlango uwe wazi."

Nikaokota mpaka hazikubaki. Sayi alikuwa amesimama bado, koti mkononi, hajakwenda popote. Nikainuka, nikashika mkono wake, nikaufungua, nikamwaga senene zote kiganjani mwake pamoja na vumbi lake. Halafu nikakaa kitini, nikainua uso.

"Nilishe," nikasema.

"Zimechafuka."

"Sijauliza zimekuwaje."

"Unazijua sasa ni za nani. Siyo mtihani tena."

"Sili za mama. Nakula za mkononi mwako. Na kesho nikikuta nyingine mfukoni nitakula, na sitauliza. Nitaumia, Sayi, nakuambia ukweli, itaniuma mpaka kwenye mfupa, lakini sitauliza. Nilishe."

Akatundika koti kwenye kiti. Kisha akakaa. Akachukua moja kwa vidole viwili, akaifuta kwenye shati lake, lile ninalolinusa, akaniwekea mdomoni. Ilikuwa na chumvi na mchanga, na iliniuma jino. Nikaitafuna, machozi yananishuka. Akala moja yeye, akanipa moja. Tukazimaliza hivyo. Sijui jenereta liliwashwa saa ngapi. Nakumbuka tu taa zilizimwa, watu wakapiga makofi, yule mke akafungua mlango wa ghorofani, na sisi hatukuona nani alikuwa ndani.

Tulipotoka barazani nikampigia mama. Alipokea kabla hata mlio wa kwanza haujaisha, ndipo nikajua alikuwa amekaa na simu mkononi mchana kutwa.

"Umekula?" akauliza. Hata salamu hakuna.

"Nimekula, Mama."

"Ulimhoji kwanza?"

Sayi alikuwa amesimama pembeni yangu, anaangalia barabarani, anasikia kila neno.

"Nilimhoji," nikasema. "Nilimtukana. Nikazitupa chini. Halafu nikaziokota nikazila na vumbi. Nimeshindwa mtihani wako, Mama."

Nilisikia kuku wa kwetu, nikasikia mtu anapasua kuni. Nikashika mkono wa Sayi nikaubana.

"Koku," mama akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kavu ileile ya Jumamosi. "Mimi nilivuka ziwa kumhoji. Wewe ulimwaga senene tu. Uchawi wa kushuku umeutoa kwangu, nitakulaumu kwa lipi? Jani mnalo?"

"Limepasuka, lakini tunalo."

"Mlilete hivyohivyo. Na huyo kijana mwambie aje na kikombe chake, nimeshamtafutia cha pili." Akakohoa kidogo. "Gauni langu nalo utalishona upya kabla ya kanisa la Jumapili. Safari hii, uzi mweusi."